Bahasha Ambayo Haikwenda Mwezini



Ndugu msomaji, mwanzoni mwa muhula huu sisi mafrateri tunaosaidia maktaba ya seminari tuliletewa boksi la vitabu na karatasi kuukuu. Aliyelileta ni mama mmoja mjane wa jumuiya ya jirani. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa ndege katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki hadi liliposambaratika mwaka 1977, akarudi nyumbani na kuendelea na shughuli nyingine. Ila ndege hazikumtoka moyoni. Kila alipokwenda mjini alipita kwa wauza vitabu vya mitumba, na akikuta kitabu cha ndege au cha vyombo vya anga za juu, alikinunua. Alihifadhi pia ratiba za safari, stempu, picha na bahasha.

Mama alitueleza haja yake bila kuzunguka. Mjukuu wake amepata nafasi chuoni na fedha hazitoshi. "Wanangu, ninyi mmesoma," alisema. "Niambieni kama humu kuna kitu cha kuuza."

Zaidi ya yote alitaka tuangalie bahasha moja. Ilikuwa na stempu yenye picha ya mwanaanga akikanyaga Mwezi, na muhuri wa posta wenye tarehe 20 Julai 1969. Nyumbani kwao iliitwa "bahasha iliyokwenda Mwezini". Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba nje ya nchi ingeuzwa kwa mamilioni, ila kwanza Mama atoe shilingi laki tatu za kuihakiki. Alikuwa ameshaanza kuzitafuta.

Tulimwomba asitoe hata shilingi moja, atupe wiki mbili. Katika wiki hizo tulisoma, tukauliza na kulinganisha. Makala hii inaeleza tuliyojifunza kuhusu kukusanya vitabu na kumbukumbu za safari za anga, kwa sababu tunaamini maboksi kama lile yako katika nyumba nyingi za waamini wetu.

Watu hukusanya nini?

Kuna watu duniani kote wanaokusanya vitu vinavyohusu ndege na safari za anga za juu. Wengine hutafuta vitabu: kumbukumbu za marubani, maisha ya wanaanga, miongozo ya mafundi. Wengine hutafuta karatasi ambazo zilitengenezwa ili zitumike na kutupwa, kama ratiba, tiketi, lebo za mizigo na kadi za chakula za ndani ya ndege. Wengine hukusanya stempu na bahasha, na wengine beji, sare na vipande vya vyombo vyenyewe.

Kinachoshangaza ni kwamba karatasi iliyotengenezwa itupwe mara nyingi ndiyo huwa adimu zaidi. Kitabu hutunzwa rafuni, lakini ratiba ya mwaka jana hakuna anayeitaka. Kwa hiyo zile chache zilizosalia ndizo zinazotuambia ndege ilitoka Nairobi saa ngapi, ilitua wapi, na nauli ilikuwa kiasi gani.

Vitabu navyo hupotea na kurudi. Beryl Markham, aliyekulia Njoro nchini Kenya, alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuelekea magharibi, mwezi Septemba 1936. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, wakati wa vita, kikasahaulika upesi. Miaka arobaini baadaye mtu mmoja alisoma barua ya mwandishi Hemingway iliyokisifu, akaenda kukitafuta, na mwaka 1983 kikachapwa upya. Kama nakala za zamani zingekuwa zote zimetupwa, sifa ile isingekuwa na kitabu cha kusifia. Katika boksi la Mzee tulikuta nakala ya chapa mpya, imechakaa kwa kusomwa.

Muhuri ulisema nini?

Turudi kwenye bahasha. Tulipoitazama kwa kioo cha kukuzia tuliona kwamba mihuri ilikuwa miwili, si mmoja. Wa kwanza ulitaja kutua Mwezini na tarehe 20 Julai 1969. Wa pili, ambao familia haikuuangalia sana, ulitaja Washington na tarehe 9 Septemba 1969, siku ya kwanza ya kutolewa kwa stempu.

Maelezo yake ni haya. Apollo 11 iliporuka, wanaanga walibeba kipande cha chuma kilichochongwa picha ya stempu, ambacho ndicho hutumika kutengenezea mabamba ya kuchapia. Kipande hicho kilikwenda Mwezini na kurudi. Baadaye posta ya Marekani ikachapa stempu za senti 10 kutokana nacho, zikaanza kuuzwa tarehe 9 Septemba. Watu waliotuma bahasha zao siku hiyo walipigiwa mihuri yote miwili, mmoja kwa ajili ya ukumbusho na mwingine kwa ajili ya siku ya kutolewa. Bahasha za namna hiyo zilizidi milioni 8. Hakuna hata moja kati yake iliyotoka duniani.

Muhuri, basi, haukusema uongo. Haukudai kwamba bahasha ilikuwa Mwezini. Ulikumbusha tu kwamba siku fulani watu walitua huko. Ni sisi tunaosoma haraka tunaoongeza kile tunachotamani kiwepo.

Vitu viwili vinavyofanana

Hapa somo letu la falsafa lilitusaidia. Chukua bahasha mbili za karatasi ileile, kutoka kiwanda kimoja. Moja imebebwa hadi Mwezini na kurudi, nyingine imekaa kwenye droo. Maada ni ileile, umbo ni lilelile. Ukizipima uzito hutaona tofauti. Aristotle angetuambia tuangalie aina nyingine za sifa: mahali, wakati, uhusiano. Tofauti ya bahasha hizi haimo ndani ya karatasi; imo katika yale yaliyozipata. Na yaliyopita hayaonekani kwa macho. Yanajulikana kwa ushuhuda tu.

Ndiyo maana wakusanyaji makini huuliza kwanza swali moja: kitu hiki kimepita mikononi mwa nani? Wanataka mnyororo wa mashahidi. Aliyekibeba alimpa nani, lini, na kuna maandishi gani? Mnyororo ukikatika pete moja, kitu kinabaki kizuri kukitazama, lakini dai lake linadhoofika.

Wakristo hatushangazwi na jambo hili. Kanisa limetunza masalia ya watakatifu kwa karne nyingi, na linajua kwamba mfupa hauwezi kujitaja jina. Ndiyo maana masalia huambatana na hati yenye sahihi na muhuri wa mamlaka ya Kanisa. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza kabisa masalia matakatifu yasiuzwe. Bahasha si masalia, wala mwanaanga hatumwombi atuombee. Lakini somo la hati ni lilelile: heshima kwa kitu huanza na ukweli juu yake.

Wanaanga nao walijaribiwa

Tulidhani udanganyifu na tamaa ni mambo ya vichochoroni. Kumbe vilifika hadi Mwezini.

Katika safari ya Apollo 15, mwezi Julai na Agosti 1971, wanaanga watatu walibeba bahasha zipatazo 400 ambazo hazikuwa zimeidhinishwa. Waliporudi, 100 kati yake zilimfikia mfanyabiashara wa stempu nchini Ujerumani, aliyewauzia wateja wake kwa bei kubwa. Kila mwanaanga angepata kama dola 7,000, fedha walizosema ni kwa ajili ya watoto wao. Baadaye walizikataa fedha hizo, lakini habari ilishafumuka. Mwaka 1972 walipewa karipio rasmi na hawakuruka tena angani.

Tuliisoma habari hii tukiwa na bahasha ya Mama mezani. Wale wanaume walikuwa hodari na wasomi, na bahasha zao zilikwenda Mwezini kweli. Kosa lao halikuwa uongo juu ya karatasi. Walitumia safari waliyokabidhiwa kwa niaba ya watu wote kujitafutia faida ya siri. Kitu kinaweza kuwa halisi, na bado njia ya kukipata ikawa mbovu.

Mfano mwingine ni mawe ya Mwezi. Baada ya Apollo 17, Rais Nixon aligawa vipande vidogo vya jiwe kwa mataifa 135 kama zawadi ya urafiki. Kipande cha Honduras, chenye uzito wa gramu 1.142, kilitoweka. Mwaka 1998 kilikamatwa Marekani, muuzaji akiwa anadai dola milioni 5 kutoka kwa wanunuzi ambao kumbe walikuwa maafisa wa serikali. Kikarudishwa kwa wananchi wa Honduras. Kwa hiyo mtu akikuletea "jiwe la Mwezi lililoletwa na Apollo" na kutaja bei, kaa mbali. Mawe yale ni mali ya umma.

Kanisa na anga

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanaihusu vipi seminari? Yanaihusu zaidi kuliko tulivyodhani. Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa marubani na wasafiri wa ndege, kwa sababu ya mapokeo yanayosema kwamba Nyumba Takatifu ya Nazareti ilihamishwa hewani na malaika. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte, Mwoblate aliyekuwa rubani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianzisha shirika la kuwapatia wamisionari ndege, magari na boti. Msukumo wake ulikuwa kifo cha rafiki yake mmisionari, aliyefariki Afrika kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali. Mwezi Mei 1936 padre huyo aliadhimisha Misa ndani ya Hindenburg, chombo kikubwa kilichoelea hewani kwa gesi, kikiwa safarini kwenda Marekani. Barua zilizobebwa katika safari hiyo bado zinatafutwa na wakusanyaji.

Na juu ya Mwezi kwenyewe, Apollo 11 iliacha kisahani kidogo chenye salamu za viongozi wa mataifa mengi, pamoja na ujumbe wa Baba Mtakatifu Paulo VI uliobeba maneno ya Zaburi ya 8.

Historia iliyo nyumbani kwetu

Tunapofikiria safari za anga tunafikiria Marekani na Urusi. Boksi la Mzee lilitukumbusha kwamba sehemu ya historia hiyo imepita mlangoni petu.

Mwaka 1937 ndege za kutua majini zilizotoka Uingereza kwenda Afrika Kusini zilianza kutua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Huko Tunguu, Zanzibar, kulikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Kilisikiliza chombo cha John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Neno letu la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote.

Nalo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, alilolitumikia Mzee, lilianza mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na nchi zetu. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitoa stempu za pamoja kuadhimisha miaka 21 yake. Stempu hizo zilikuwamo katika boksi, na ratiba tatu pia. Bei yake si kubwa. Lakini kijana aliyezaliwa baada ya 1977 hana njia nyingine rahisi ya kuona kwa macho kwamba nchi hizi zilikuwa na ndege zao za pamoja.

Namna ya kukagua na kutunza

Kwa faida ya wenye maboksi nyumbani, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwa kitabu, fungua ukurasa wa taarifa za uchapaji, nyuma ya ukurasa wa jina. Angalia mwaka na kama ni toleo la kwanza au chapa ya baadaye. Hesabu kurasa na picha, kwa maana picha huchanwa na kubandikwa ukutani. Kama kuna karatasi ya juu inayofunika jalada, usiitupe. Kwa wanunuzi wengi ni sehemu kubwa ya thamani. Usifute jina la mwenye kitabu. Jina hilo ni ushahidi.

Kwa sahihi ya mwanaanga, uwe na mashaka. Barua za kuomba sahihi zilikuwa nyingi mno, na mara nyingi majibu yalitiwa sahihi na mashine inayoiga mkono wa mtu. Sahihi mbili zinazolingana kabisa, mstari kwa mstari, ni dalili ya mashine, kwa kuwa hakuna binadamu anayeandika jina lake sawasawa mara mbili.

Kwa mnunuzi au mhakiki, kanuni ni fupi: anayetaka umlipe kabla hujapata chochote, mkatalie. Uliza mtu wa pili na wa tatu asiye na faida katika jibu lake.

Kwa utunzaji, adui zetu ni unyevu, jua, mchwa na gundi. Usiweke boksi sakafuni wala ukutani. Liinue juu ya meza au ubao. Usifunge karatasi ndani ya mfuko wa nailoni zikiwa na unyevu, zitaota ukungu. Usitumie selotepu kuunga kurasa, kwa sababu huacha madoa ya njano yasiyotoka. Stempu iliyo kwenye bahasha usiibandue. Ukitaka kuandika maelezo, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni.

Je, mseminari anaweza kukusanya?

Tulijadiliana hili kwa muda mrefu, maana tunajiandaa kwa maisha ya kiasi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa yake, anatofautisha fadhila ya kupenda kujua kwa utaratibu na udadisi usio na kiasi. Ya kwanza inatafuta ukweli na kuupeleka kwenye lengo jema. Ya pili inakimbilia kila kipya na kuacha wajibu.

Tunadhani kipimo hicho kinafaa hapa. Anayekusanya ili ajue na kuwaeleza wengine, anaweza kutoa nakala yake kwa furaha. Anayekusanya ili awe nacho peke yake, hata rafu kumi hazimtoshi. Ndiyo maana katika maktaba tumekubaliana kwamba hakuna anayepeleka kitabu chumbani kwake. Kinachoingia ni cha wote, na kinaandikwa kilikotoka.

Jibu tulilompa Mama

Baada ya wiki mbili tulikwenda nyumbani kwa Mama, tukiwa wawili. Haikuwa rahisi. Tulimwonyesha muhuri wa pili na kumweleza habari ya stempu zile. Tulimwambia kwamba bahasha yake ni halali, ni nzuri, na bei yake ni ndogo sana.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mzee wangu alikuwa mwongo?"

Hilo hatukuwa tumejiandaa nalo. Bahati nzuri jibu lilikuwamo katika boksi. Chini kabisa tulikuta daftari la mkono wa Mzee, lenye tarehe na kazi alizofanya kwenye ndege, na mwishoni orodha ya vitu alivyonunua na bei zake. Kwenye mstari wa bahasha alikuwa ameandika kwamba ni kumbukumbu ya siku ya kwanza ya stempu, kainunua Nairobi. Mzee hakudanganya mtu. Maneno "iliyokwenda Mwezini" yaliongezwa baadaye, labda na watoto, labda na upendo tu.

Mama aliliomba daftari, akalishika mikononi na kuanza kusoma kwa sauti majina ya ndege ambayo hakuyaelewa. Hajalitoa tena mikononi mwake, nasi tuliomba nakala tu kwa ajili ya maktaba. Vitabu vichache vilipata mnunuzi kwa bei ya kawaida. Fedha hizo hazikufikia ada, na parokia imeanza kuchangishana kwa ajili ya mjukuu. Lakini laki tatu za Mama zilibaki kwake.

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani mwenye boksi, usingoje arithi mwingine asiyejua. Kaa naye jioni moja. Toa kitu kimoja kimoja, umuulize alikipata wapi, lini, na kwa nini alikitunza, kisha uandike. Kitu bila maneno hayo kitabaki karatasi, na wengine watakitungia hadithi, nzuri au ya kuwaibia watu.

Tunamwombea Mzee wetu pumziko la milele, na Bikira Maria wa Loreto awaombee wote walio safarini. Amina.